Hakuna Njoo Kesho

Mama yake mzazi alikuwa akisimulia kwamba huyu binti alizaliwa mkunga akiwa bado anavua viatu mlangoni. Huenda alitia chumvi, lakini waliomfahamu hawakuona sababu ya kubisha. Hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Akiwa kwenye foleni alihama mguu huu kwenda mguu ule mpaka aliye mbele yake akageuka kumwuliza kama anatafuta choo. Mjomba wake, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyempachika jina la Mshale, kwa ule mshale mwembamba wa saa unaozunguka bila kupumzika. Jina likaganda hasa, hata wateja wakadhani ndilo alilopewa na wazazi.

Kwenye karakana ya mjomba, hata hivyo, mwili wake huo usiotulia ulikuwa mali. Karakana yenyewe ilikuwa kipenu cha mabati kando ya barabara, kati ya kinyozi na duka la rangi. Mlikuwa na mashine moja ya kuchomelea ambayo mpini wake ulishavunjika ukafungwa kamba, meza ya chuma iliyoungua kila mahali, na kwenye kona, pipa la maji. Juu ya mlango mjomba alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe na kwa herufi zilizoanza kubwa zikaishia ndogo baada ya bati kuisha: HAKUNA NJOO KESHO.

Na kweli haikuwepo. Karakana nyingine uliacha kitu chako, ukarudi kesho, ukaambiwa umeme ulikatika, ukarudi kesho kutwa. Kwa mjomba ulisimama pale pale mlangoni. Chuma kilichomelewa, kikatoka chekundu, kikashikwa kwa koleo na kuzamishwa pipani. Maji yalichemka kwa kelele, mvuke ukapanda hadi kwenye mabati, na wewe ukaondoka na kitu chako mkononi kikiwa na uvuguvugu tu. Kuzamisha ilikuwa kazi ya Mshale tangu wiki yake ya kwanza. Ile kelele ya maji ndiyo aliyoipenda kuliko zote, maana ilimaanisha kazi hii imekwisha, lete nyingine.

Vitu vingine vilirudi vimepasuka. Mjomba aliviangalia, akavigeuza, akatikisa kichwa na kutoa hukumu ile ile. "Chuma cha siku hizi hakina adabu." Kisha alivichomelea upya bila malipo, akavizamisha, na mteja akaondoka anamshukuru.

Mambo yangeendelea hivyo kama si macho. Mjomba aliingiwa na mtoto wa jicho, kwanza jicho moja, kisha la pili likafuata, na watu wa hospitali wakamwambia asubiri zamu ya upasuaji. Hakuacha kazi. Alijua mashine kwa masikio. Ukichomelea vibaya alisikia kutoka kwa kinyozi na kukukaripia akiwa na povu shavuni. Lakini mstari wa kuchomelea hakuuona tena, na kazi zote nzito zikahamia mikononi mwa Mshale.

Hapo ndipo ofisi ya leseni ilipotangaza sharti jipya: kuanzia mwaka unaofuata, karakana yoyote ya vyuma isiyo na angalau fundi mmoja mwenye cheti haitapewa leseni. Mjomba hakuwa na cheti. Yeye alifundishwa na fundi aliyefundishwa na fundi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa karatasi. Kwa macho yale asingeweza kufanya mtihani hata kama angetaka. Akabaki Mshale. Akifaulu, bati lile jekundu linabaki juu ya mlango. Akifeli, mwaka ukiisha wanafunga, na mjomba anakwenda kukaa nyumbani kusikiliza redio, jambo ambalo Mshale aliliona baya kuliko kifo, kwa sababu yeye mwenyewe lingemuua.

Chuo cha ufundi kikamwandikisha kuwa mwanagenzi. Utaratibu ulikuwa rahisi kuuelewa: siku nyingi za wiki unafanya kazi kwa fundi wako, siku mbili unakwenda chuoni kujifunza yale ambayo fundi wako hana nafasi ya kukueleza. Fundi wako anatia sahihi kwamba kweli unafanya kazi. Mwisho kuna mtihani wa kuandika, maswali ya mdomo, na vitendo. Mjomba aliandikwa kuwa msimamizi, na kwa siku kadhaa kila mteja aliambiwa, hata yule aliyekuja kuuliza njia tu. "Mimi ni msimamizi wa chuo," alisema, na kwa heshima hiyo alinunua ovaroli mpya.

Mwalimu wa chuoni alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, na hakuwahi kupandisha sauti. Siku ya kwanza ya kupima viungo kwa kuvikunja aliwapa kila mmoja vipande viwili vya chuma kinene waviunge. Mstari wa Mshale ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima. Wenzake walikuja kuutazama. Na yeye, kwa kuwa alishamaliza na wengine bado, alikichukua kile chuma kwa koleo, akakitumbukiza kwenye ndoo ya mwosha sakafu.

Kikaletwa kwenye jeki. Jeki ilisukuma katikati ya kile kiungo ili kikunjike kama kwato ya punda, na kabla hakijafika hata nusu kikalia, kikafunguka ubavuni mwa ule mstari mzuri.

"Chuma cha siku hizi hakina adabu," Mshale alisema. Darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. Alivaa miwani, akatazama ule ufa. "Umekitia maji?"

"Nimekipoza tu, mwalimu."

"Nani alikufundisha kupoza hivyo?"

Mshale alipangusa mikono kwenye suruali, akaangalia dirishani. Mwalimu akaliacha swali lipite, akawageukia wengine.

"Sikilizeni wote," alisema. "Vyuma vyembamba vinavumilia. Geti, grili ya dirisha, utavitia maji na hutaona kitu. Chuma kinene, na hasa kile kigumu cha magari, ukikishtua kikiwa cha moto kinakakamaa pembeni mwa kiungo. Na kilichokakamaa hakikunjiki, kinakatika. Kiacheni kwenye matofali. Kama ni kigumu zaidi, kifukieni kwenye mchanga mkavu mpaka kesho. Kipoe chenyewe."

"Na mteja akiwa anasubiri?" Mshale aliuliza.

"Asubiri vizuri," mwalimu akasema.

Mshale alirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo ingawa nauli alikuwa nayo. Kuna mtu mmoja hakumtoka akilini. Kulikuwa na mvuta mkokoteni, mtu wa maneno mengi, aliyepita mbele ya karakana kila asubuhi na mizigo ya watu. Zamani alikuwa akipita mbio. Ekseli ya mkokoteni wake mjomba ndiye aliyeiunga, kwa chuma kigumu kilichotoka kwenye lori bovu, na Mshale ndiye aliyeizamisha. Siku chache baadaye ilikatika kwenye mteremko, mkokoteni ukalala, na mzigo ukamwangukia mguuni. Mfupa uliunga vibaya. Sasa alipita akichechemea, na bado aliwasalimia kwa mzaha. Mjomba alimtengenezea ekseli upya bure, kutoka kwenye chuma kile kile, akamwambia chuma cha siku hizi hakina adabu. Nayo ilizamishwa.

Alipitia karakana, akamkuta mjomba akifagia vumbi la chuma kwa kupapasa.

"Mjomba, chuoni wanasema tusizamishe."

"Tusizamishe nini?"

"Vyuma. Vinene. Wanasema vinakakamaa halafu vinakatika. Tuviweke kwenye matofali, au tuvifukie kwenye mchanga."

Mjomba aliegemea fagio. "Kwani chuma kimekufa, tukizike?"

"Ndivyo alivyosema mwalimu."

"Mwalimu ana mshahara. Chuma kikae mezani mpaka jioni, mshahara unaingia. Mimi mtu akikaa hapo mlangoni nusu saa anaanza kuniambia habari za fundi wa upande wa pili. Pipa hili limekusomesha, unajua? Limekuvisha."

"Najua, mjomba."

"Basi."

Angenyamaza hapo, siku ingekwisha salama. Lakini huyu ni Mshale tunayemzungumzia, na neno likishafika mdomoni mwake halina pa kukaa.

"Na ekseli ya yule wa mkokoteni?"

Fagio lilisimama. Kutoka kwa kinyozi ilisikika mashine ya kunyolea, na redio.

"Unataka kusema mguu wa yule nimeuvunja mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

"Mimi ndiye niliyeizamisha, mjomba. Kwa mikono hii."

"Nani alikuambia uizamishe?" mjomba aliuliza, na kwa kuwa jibu lilikuwa moja tu na wote wawili walilijua, alirudi kufagia mahali alipokwisha fagia.

Tangu siku hiyo waliongea ya kazi tu. Leta kijiti cha kuchomelea. Zima mashine. Huyu anataka bawaba. Mshale alijaribu kuweka kazi nene kwenye matofali, na mjomba, aliposikia kimya pale alipozoea kusikia maji, alipapasa hadi kwenye meza, akakishika chuma kwa koleo na kukizamisha mwenyewe huku uso ameugeuzia barabarani. Mshale aliumia moyoni. Alikasirika vile vile, na hakujua ni lipi kubwa.

Jambo lililomtisha zaidi lilikuwa mkono wake mwenyewe. Kichwani alishaelewa, lakini mkono haukuhudhuria chuo. Wakati wa mazoezi alimaliza kuunga, akawaza habari nyingine, akashtuka koleo limo ndani ya ndoo. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mwalimu aliiondoa ndoo darasani, na Mshale akajikuta amesimama mahali ilipokuwa ndoo, ameshika chuma cha moto, akiangalia sakafu.

"Siku ya mtihani nitaliondoa na pipa la uani?" mwalimu alimwuliza. "Lile ni la kuzimia moto. Litakuwepo."

Usiku wa kuamkia mtihani Mshale alilala kwa kushtukashtuka. Asubuhi alimkuta mjomba mlangoni pake amevaa ile ovaroli mpya, viatu vimepakwa rangi, mmoja zaidi ya mwingine.

"Unakwenda wapi, mjomba?"

"Msimamizi lazima awepo."

Hakukuwa na sharti kama hilo popote. Mshale alimshika begani, wakaenda, na njia nzima mjomba alilalamika kwamba anavutwa.

Mtihani wa kuandika Mshale aliumaliza wa kwanza na kuusahau papo hapo. Kwenye maswali ya mdomo alimkuta mtahini, mwanamume mrefu mwenye mafua, aliyeuliza maswali huku akitafuta leso.

"Moto ukishika karakana utafanya nini?"

"Nitakimbia."

Mtahini aliinua macho.

"Baada ya kukata umeme," Mshale akaongeza. "Na baada ya kumtoa mjomba wangu, maana haoni vizuri."

Mtahini alipiga chafya na kuandika kitu ambacho Mshale alijaribu kukisoma kichwa chini, akashindwa.

Vitendo vilikuwa uani. Kila mtahiniwa alipewa kibanda chake chenye pazia la turubai, mashine, matofali na vipande vyake vya chuma, ambavyo mtahini alivigonga alama kwa patasi ili mtu asije akavibadilisha. Ua ulizungushiwa waya, na nje ya waya palikuwa na benchi la waliosindikiza. Mjomba aliketi mwanzoni kabisa mwa benchi, karibu na kibanda cha Mshale, mikono juu ya magoti. Kati ya vibanda na jeki, mahali ambapo kila mtu angepita, lilisimama pipa. Lilikuwa jekundu na jipya, limejaa maji hadi ukingoni.

"Hakuna kugusa chuma mpaka kipoe," mtahini alitangaza. "Kikipoa, kileteni kwenye jeki. Muda mnao wa kutosha."

Mshale alishusha kinyago cha kuchomelea usoni. Kwenye giza lile, na nukta moja ya mwanga mbele yake, ndipo mahali pekee duniani alipoweza kutulia. Alivuta mstari wa kwanza wa chini polepole, akaondoa magamba kwa nyundo, akapiga brashi, akajaza wa pili, akafunika wa juu. Mashine iliimba sawasawa, bila kukohoa. Alijua kwamba nje ya waya kuna sikio moja linaloufuata kila msogeo wa mkono wake, na alijua, bila kuambiwa, kwamba sikio hilo limeridhika.

Akazima. Akainua kinyago. Chuma kilikuwa bado na wekundu katikati.

Baadaye hakuweza kueleza alivyofika pale. Miguu ilimpeleka. Alikuja kujitambua amesimama kwenye lile pipa jekundu, koleo mkononi, chuma kinaning'inia juu ya maji, na joto lake limeanza kuyatia ukungu. Mtahini alikuwa upande wa pili, amempa mgongo, anapenga kamasi. Hakuna aliyemwona.

Mshale akamwona mjomba, nje ya waya. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio limeelekea pipani, na mkono mmoja ameshauweka kwenye benchi ili anyanyuke, kama alivyofanya siku zote kazi ilipokwisha. Macho yake meupe yalitazama mahali pasipo na kitu. Alikuwa anangoja yale maji yachemke. Usoni alikuwa na furaha ndogo, isiyo na kiburi, na Mshale aligundua kwamba tangu wagombane hajauona uso huo.

Angeshusha mkono kidogo tu, mzee angesikia alichozoea kusikia, angetulia. Chuma huenda kingekatika, huenda kisingekatika. Asiposhusha, kimya chenyewe kingemwambia mjomba, mbele ya watu, kile ambacho yeye alishindwa kukimalizia siku ile ya fagio. Alimpenda mjomba wake, na hakuwahi kutamani sana kumdanganya mtu kama alivyotamani dakika ile.

Akageuka. Akarudi kibandani, akakilaza chuma juu ya matofali.

Mjomba alibaki na kichwa chake upande. Alingoja. Akangoja zaidi. Kisha ule mkono uliokuwa kwenye benchi ukarudi juu ya goti taratibu, na mzee akainamisha uso.

Sasa ikaanza kazi ambayo Mshale hakuwahi kufundishwa na mtu. Hakuna cha kushika. Alikusanya vijiti vilivyobaki, akavipanga kwa urefu, ingawa vyote vilikuwa na urefu mmoja. Alifagia kibanda. Alifagia mbele ya kibanda cha jirani. Alikisogelea chuma, akakitemea mate kwa mbali kidogo, mate yakaruka, akarudi nyuma.

"Kama umemaliza, kaa," mtahini alimwambia.

"Siwezi kukaa."

"Basi simama."

"Na kusimama siwezi."

Mtahini alimtazama kwa huruma ya mtu mwenye ugonjwa wake mwenyewe. "Zunguka, basi. Lakini usikiguse."

Akazunguka. Wenzake walimaliza mmoja baada ya mwingine, wengine wakapeleka vyuma vyao kwenye jeki. Alisikia jeki ikikazwa, alisikia vilivyokubali na alisikia kimoja kilichokataa, na mwenye nacho akipita bila kumtazama mtu. Aliwaza bati la mjomba likishushwa, aliwaza nani atalinunua na watalifanyia nini, pengine banda la kuku. Alikalia mikono yake mwenyewe kwenye tofali, akavumilia, akasimama, akakalia tena. Mwishowe alipokisogelea na kukigusa kwa kidole, chuma kilikuwa vuguvugu kama ukuta uliopigwa na jua, na alikaribia kulia.

Mtahini alikiweka kwenye jeki. Msaidizi akaanza kupampu. Chuma kiliinama. Mshale alifumba macho, akayafumbua kwa kuwa kufumba ni kukaa bure. Kiliinama zaidi, kikapita pale ambapo kile cha kwanza kilifunguka, kikaendelea, pembe zake mbili zikaja zikitazamana mpaka zikakaribia kukutana. Jeki ikalegezwa. Mtahini alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akapiga chafya.

"Kimepita," alisema. "Cheti kitakuja kupitia chuo. Anayefuata."

"Naomba nikitoe nje mara moja, nikirudishe."

"Cha nini?"

"Msimamizi wangu hawezi kukiona. Anahitaji kukishika."

Alikipenyeza chini ya waya. Mjomba alikipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole gumba kwenye mgongo wa mkunjo, kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, akitafuta ufa. Hakuupata. Akarudia. Akakigeuza upande wa pili, akakuta ule mstari umenyooka na laini, umelala ndani ya chuma bila kuachana nacho.

"Chuma cha wapi hiki?" aliuliza.

Mshale aliushika waya. "Cha siku hizi tu, mjomba."

Mzee alikigeuza tena mkononi. Alikishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakirudisha chini ya waya. Njia nzima ya kurudi hakulalamika kwamba anavutwa, na Mshale, aliyeshinda, aliyeokoa karakana, alitembea pembeni yake akijihisi kama mtu aliyevunja kitu cha watu.

Kesho yake alichelewa kidogo, kwa mara ya kwanza, kwa kuwa alishikwa na usingizi. Alipofika alikuta barabara mbele ya karakana ina tope jeusi linaloelekea mtaroni. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake akiruka viatu visilowe. Ndani, mjomba alikuwa amepiga magoti, ovaroli mpya imechafuka mpaka kiunoni, anachota mchanga kwa karai na kuumwaga ndani ya pipa kwa kupapasa. Nusu ya mchanga ulikuwa sakafuni.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Huoni? Na wewe macho yameharibika?" Alimwaga karai jingine. "Muuza mchanga anasema ni mkavu. Ushike wewe, simwamini."

Mshale aliushika. Ulikuwa mkavu.

Waliponyanyuka, mvuta mkokoteni alikuwa anapita na mkokoteni mtupu, mguu ule mmoja ukiandika mstari vumbini.

"Shemeji zangu," alisema, kama alivyosema kila siku, ingawa hakuwa na undugu nao wowote, "leo mnafungua bwawa?"

"Njoo hapa," mjomba alisema. "Fungua hiyo ekseli."

"Ekseli yangu nzima, mzee."

"Si nzima. Fungua."

Ilichukua muda kumshawishi. Ekseli ilipotoka, mjomba aliipapasa kwenye kiungo cha zamani, akasimamisha kidole mahali fulani, akamwita Mshale. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaoanza ubavuni mwa mstari.

Mvuta mkokoteni aliutazama, akaugusa kwa ukucha.

"Mguu wako ule," mjomba alisema, uso wake ameuelekeza pale alipodhani yupo mwenzake, "nilisema ni chuma. Haikuwa chuma. Ni mimi. Kazi yangu ndiyo iliyokuvunja mguu."

"Na mimi," Mshale alisema.

"Wewe ulitumwa," mjomba akasema. "Nyamaza."

Mvuta mkokoteni aliuangalia mguu wake kana kwamba amekabidhiwa leo. Alikuwa na haki ya kutukana, na Mshale alimwona akilitafuta tusi, akilipima, akilirudisha. "Nilikushukuru mimi," alisema mwishowe. "Siku ile. Nilikuja na mkongojo nikakushukuru."

"Ulinishukuru," mjomba alisema. "Nakumbuka. Nisamehe."

Mvuta mkokoteni hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisogea pembeni, akaegemea nguzo ya mlango. "Basi iungeni vizuri safari hii."

Mjomba alimpa Mshale kinyago. "Wewe ndiye mwenye cheti. Mimi nitashika tu." Mshale aliikata pale penye ubovu, akaipasha moto kama alivyofundishwa, akaiunga, na mzee akaishikilia upande wa pili bila kutikisika, akisikiliza. Ilipotoka nyekundu, wakaibeba pamoja hadi pipani. Hakuna kilichopiga kelele. Mchanga uliipokea kimya, Mshale akaufukia juu yake kwa koleo la mchanga, na joto likaanza kupanda kidogo kidogo.

"Itapoa lini?" mvuta mkokoteni aliuliza.

Mjomba alikohoa. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kumwambia mteja maneno yale, na ilionekana kama ameombwa ameze msumari.

"Njoo kesho," alisema. "Leo tumia toroli letu."

Mvuta mkokoteni aliinua macho juu ya mlango, akasoma bati lote, tangu herufi kubwa hadi zile ndogo za mwisho. Kisha alichukua toroli, akaenda zake akichechemea, na wakamsikia mpaka alipokata kona.

Mshale alikuwa ameshaanza kutafuta cha kufanya. Alishika fagio, akaliacha, akashika brashi ya waya.

"Kaa," mjomba alisema, na kusogea kwenye benchi.

Akakaa. Mguu wake mmoja ulikuwa unachezacheza chini ya benchi, na mjomba, aliyeusikia, aliuacha ucheze.